Kusoma Historia kwa Masafa Ukiwa Namoto

Utangulizi

Walimu wenzetu pamoja na wanafunzi wamekuwa wakituuliza kama somo la historia katika ngazi ya chuo kikuu linaweza kusomwa vizuri kwa masafa, kupitia mtandao. Wasiwasi wao una msingi. Historia ni somo la maktaba, la nyaraka za kale na la mabishano ya darasani. Mtu aliye peke yake kijijini, simu yake mkononi, atavipata wapi vitu hivyo?

Katika makala hii tunajaribu kulijibu swali hilo. Ili tusizungumze hewani, tumechagua mahali pamoja, yaani Namoto, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji. Tumejiuliza mwanafunzi wa huko angehitaji nini, angekosa nini, na ana nini ambacho wenzake wa mjini hawana. Tuseme mapema kwamba jibu letu ni ndiyo, kwa sharti moja: kozi yenyewe imtume mwanafunzi kwa watu na mahali anapoishi. Hapo ndipo nasi walimu wa Kiswahili tunapohusika.

Namoto ni wapi?

Namoto ni kituo cha mpakani katika wilaya ya Palma, upande wa kusini wa mto Ruvuma, si mbali na mdomo wa mto huo. Ng'ambo ya pili ni Kilambo, mkoa wa Mtwara, Tanzania. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana huko juu kati ya Mtambaswala na Negomano; kwa hiyo wasafiri wa pwani wameendelea kuutegemea usafiri wa majini. Katika eneo hili mtu husikia Kimakwe, Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, wakati lugha ya ofisi na ya shule ni Kireno. Kutoka huko hadi Pemba, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara.

Eneo hili limepita katika misukosuko mikubwa. Mashambulizi ya waasi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na mji wa Palma ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Watu zaidi ya 700,000 waliyahama makazi yao katika jimbo zima. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma mjini alijikuta kambini, au kwa ndugu zake Pemba au Nampula. Kwa mtu wa namna hiyo elimu masafa inaweza kuwa njia pekee ya masomo inayoweza kuhama pamoja naye.

Elimu masafa si jambo geni kwetu

Wapo wanaodhani kwamba elimu masafa ililetwa na kompyuta. Sivyo. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwapa shahada watu ambao hawakukaa darasani kwake. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimefundisha kwa posta tangu mwaka 1946, na Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka chuo hicho mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Nchini Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu vijijini katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vitabu vidogo na kujadiliana. Kisha kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho Makamu wake Mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Chuo hicho kilijenga utaratibu wa vituo vya mikoa, Mtwara ikiwemo, ili mwanafunzi asilazimike kuhamia Dar es Salaam.

Upande wa Msumbiji nako vipo vyuo vinavyofundisha kwa masafa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, chenye makao yake makuu Beira, kimeendesha kozi za masafa kwa walimu, na katika mji huohuo kuna Chuo Kikuu Huria cha ISCED. Masomo huko ni kwa Kireno. Mkazi wa Namoto, basi, anasimama katikati: mtandao wa Beira unamsomesha kwa Kireno, na kituo cha Mtwara kingemsomesha kwa Kiingereza. Lugha anayoweza kuitumia kuwahoji wazee wa kando zote mbili za mto haimo katika orodha yoyote ya lugha za kufundishia.

Kozi inavyoendeshwa

Kwa kawaida kozi ya historia kwa masafa huwa na mambo manne: moduli za kusoma, mkufunzi wa kuulizwa maswali, kazi za kuandika na mtihani. Tuyaangalie moja moja kwa macho ya mwanafunzi wa mpakani.

Kuhusu moduli, jambo la kwanza ni uzito wa faili. Mhadhara wa saa moja uliorekodiwa kwa video huweza kufikia mamia ya megabaiti; sauti yake peke yake ni makumi; maandishi yake matupu hayafikii hata megabaiti moja. Hili tulijifunza kwa aibu. Wakati fulani tulitayarisha somo zuri la video, lenye ramani na picha zinazotembea, tukalipongeza wenyewe. Wanafunzi wa mjini walishukuru. Mmoja wa wale wa mbali akatuandikia kwamba vocha yake ya wiki nzima ilikwisha kabla mzungumzaji hajamaliza kujitambulisha. Tangu siku hiyo tumeweka kanuni: maandishi kwanza, sauti baadaye, video kwa anayeweza. Kila moduli ni lazima iweze kupakuliwa mara moja, pale penye mtandao mzuri, kisha isomwe nyumbani bila mtandao.

Kuhusu mkufunzi, yako mawasiliano ya papo kwa papo, ambapo wote hukutana mtandaoni kwa saa moja, na yako yale ambayo kila mtu husoma na kujibu kwa wakati wake. Kwa Namoto njia ya pili ndiyo ya kutegemea, kwa sababu ya umeme na ya mtandao. Tena liko suala la saa, ambalo walimu wengi hawalifikirii. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Semina ya saa nane mchana Dar es Salaam ni ya saa saba Namoto. Zaidi ya hayo, simu iliyo karibu na mto huweza kuushika mnara wa nchi ya pili, saa ikabadilika yenyewe na gharama zikapanda mwenyewe asijue. Anayeishi huko ni vizuri achague mtandao wake mwenyewe katika simu, asiiachie simu imchagulie. Naye mwalimu ataje kila mara ni saa za nchi gani.

Kuhusu kazi za kuandika, tunashauri mwanafunzi aandike kwanza kwenye daftari au katika simu bila mtandao, na atume siku mbili kabla ya mwisho. Mwalimu naye akubali kazi iliyopigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Alama zitolewe kwa hoja na ushahidi. Anayemwadhibu mwanafunzi kwa sababu ya mnara uliozimika anapima mnara.

Kuhusu mtihani, vyuo vingi bado humtaka mtahiniwa afike kituoni. Kwa hiyo kabla ya kujisajili ni busara kuuliza maswali haya: Kituo kiko wapi? Nitahitaji kuvuka mpaka? Mpaka ukifungwa, mtihani unaahirishwa au nimeshindwa? Ada iliyokwisha kulipwa itanifuata nikihama? Maswali haya katika nchi yenye vita ndiyo yanayoamua kama mtu atamaliza masomo.

Historia iliyo nje ya mlango

Sasa tuje kwenye kiini cha makala. Mwanafunzi wa Namoto yuko mbali na maktaba, hilo ni kweli. Hata hivyo angalia yuko karibu na nini.

Jirani yake ni Kionga, ambayo Wareno huiandika Quionga. Katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya Novemba 1886, pwani ya Sultani wa Zanzibar ilitambuliwa kuwa inaanzia mto Miningani, kwenye ghuba ya Tungi karibu na Palma ya leo, hadi Kipini. Mwezi Desemba mwaka huohuo Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka wao. Mapatano hayo mawili hayakupatana. Mwaka 1887 Wareno waliichukua Tungi kwa mizinga. Mwaka 1894 Wajerumani wakaikalia Kionga, kusini mwa mto. Ndivyo ilivyozaliwa ile pembe tatu ya Kionga inayoonekana katika ramani za zamani. Mwezi Aprili 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wareno waliiteka, wakapiga hata chapa jina la Kionga juu ya stempu. Mwaka 1919, baada ya vita, wakathibitishiwa.

Katika vitabu vingi vya kozi jambo hili hupewa mstari mmoja au tanbihi. Lakini mfikirie mtu aliyezaliwa Kionga yapata mwaka 1880. Akiwa mtoto eneo lake lilidaiwa na Sultani. Akiwa kijana alitawaliwa na Mjerumani. Akafikia utu uzima chini ya Mreno, na hakuhama hata siku moja. Kwetu sisi wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Utawala wa Kijerumani ulikitumia Kiswahili katika shule zake na kwa maakida wake. Ina maana kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka 20 watu wa Kionga walikuwa upande wa serikali iliyoamuru kwa Kiswahili, na majirani zao wa Palma upande wa serikali iliyoamuru kwa Kireno. Je, jambo hilo liliacha alama gani katika lugha ya familia zao? Hilo ni swali halisi la utafiti, na anayeweza kulianza kwa miguu yake mwenyewe ni mwanafunzi aliye pale pale.

Miaka iliyofuata nayo si haba. Mauaji ya Mueda yalitokea tarehe 16 Juni 1960. Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Maelfu walivuka Ruvuma na kupokewa Tanzania. Rutamba, katika mkoa wa Lindi, ilikuwa moja ya makazi yao. Uhuru ulikuja tarehe 25 Juni 1975. Watu waliovuka mto huo wakiwa watoto au vijana bado wamo miongoni mwetu.

Funzo la Maji Maji

Mfano wa kufuata tunao. Mwaka 1968 Idara ya Historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliendesha utafiti juu ya vita vya Maji Maji. John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa miongoni mwa waliouongoza. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walikwenda vijijini kusini mwa Tanzania, wakawahoji wazee waliovikumbuka vita vile vya mwaka 1905 hadi 1907. Masimulizi waliyoyakusanya yameendelea kutumiwa na wanahistoria hadi leo, na wazee wenyewe hawapo tena.

Tufanye hesabu ndogo. Kutoka mwaka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Kutoka kuanza kwa vita vya ukombozi mwaka 1964 hadi leo imekwisha kupita zaidi ya miaka 60. Yaani sisi leo tuko pale pale walipokuwa wanafunzi wale wa mwaka 1968. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati huo sasa amepita 75. Wanafunzi wa Dar es Salaam walihitaji kusafiri kwenda kwa wazee. Mwanafunzi wa masafa yuko kwao tayari, na pengine mzee anayetafutwa ni bibi yake. Chuo kikimfunga mbele ya moduli muhula mzima, kisha kikamuuliza kilichoandikwa ukurasa wa 40, kimeipoteza nafasi ambayo haitarudi.

Kazi ya lugha

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana kazi ambayo mwalimu wa historia hawezi kuifanya peke yake. Tutoe mifano miwili.

Mzee wa pwani anaweza kusema, "Babu yangu alimtumikia Mdachi." Mwanafunzi anayeandika ripoti yake kwa Kireno au kwa Kiingereza huweza kudhani kwamba Mdachi ni mtu wa Uholanzi. Katika Kiswahili cha zama zile Mdachi ni Mjerumani. Neno moja likitafsiriwa vibaya, Waholanzi wanaingizwa Kionga ambako hawakutawala kamwe.

Mfano wa pili ni neno ng'ambo. Kwa vijana wengi wa leo ng'ambo ni Ulaya au Marekani. Kwa mkazi wa Namoto ng'ambo ni upande wa pili wa mto. Mama akisema, "Mwaka ule tulikimbilia ng'ambo," anazungumzia Mtwara, si Lisbon. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba maneno ya msimulizi yaandikwe kwanza kama yalivyosemwa, katika lugha iliyosemwa, iwe Kiswahili, Kimakwe au Kimwani; tafsiri ifuate chini yake.

Liko pia suala la hati. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Msumbiji, mjini Maputo, zimo barua za karne ya 19 ambazo wakuu wa pwani ya kaskazini waliwaandikia maafisa wa Kireno. Barua hizo ni za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na watafiti kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wameonyesha umuhimu wake. Kijana aliyesoma madrasa anaweza kuzitamka herufi hizo kabla hajafundishwa lolote na chuo. Akiongezewa mafunzo kidogo ya Kiswahili cha kale, picha ya barua moja iliyotumwa kwenye simu yake inatosha kwa somo la wiki mbili.

Zoezi la mfano

Walimu wanaotaka kujaribu wanaweza kuanza na zoezi hili la wiki nne:

1. Wiki ya kwanza, mwanafunzi asome kurasa tano tu juu ya mpaka wa Ruvuma na kuandika maswali matatu ambayo kurasa hizo hazikuyajibu.

2. Wiki ya pili, amwendee mzee mmoja, amweleze kazi yake, aombe ruhusa, na amsikilize bila haraka. Kurekodi kuwe kwa hiari ya mzee.

3. Wiki ya tatu, aandike neno kwa neno dakika kumi za mazungumzo hayo, na aorodheshe maneno yasiyo ya kawaida pamoja na maana zake.

4. Wiki ya nne, alinganishe alichosikia na alichosoma. Pale vinapogongana, aeleze sababu inayowezekana. Asikimbilie kusema kwamba mzee amekosea, wala kwamba kitabu kimesema uongo.

Mwishoni nakala moja arudishiwe mzee au familia yake. Hiyo ni heshima, na pia ni hifadhi, kwa maana nyumba zinaungua na simu zinapotea.

Tahadhari

Vita vya miaka ya karibuni tunashauri visiwe mada ya zoezi la mwanafunzi. Kumwuliza mtu nani alichoma na nani alikimbia, katika eneo ambalo watu wanaogopana bado, ni kumtia hatarini yeye na anayeuliza. Hata katika mambo ya zamani majina yafichwe mpaka mwenyewe aruhusu, na rekodi zisiwekwe hadharani mtandaoni. Mzee akikataa kuzungumza, ashukuriwe na aachwe. Mtu aliyepoteza nyumba na ndugu zake hadaiwi simulizi na chuo chochote.

Hitimisho

Tulianza na swali la kama historia inaweza kusomwa kwa masafa. Tumeona kwamba matatizo ya mtandao, ya saa na ya vituo vya mitihani yanaweza kupunguzwa na mwalimu anayemfikiria mwanafunzi wake. Tumeona pia kwamba umbali wa Namoto ni umbali wa kutoka chuoni. Wazee, mto na mpaka wenyewe viko mlangoni. Waswahili husema simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini katika jambo hili upole una mpaka wake, kwa sababu mashahidi ni wazee na hawatungoji.

Tunawaomba walimu wa Kiswahili walio karibu na idara za historia wawaendee wenzao na kujitolea kusaidia katika maswali ya mahojiano, unukuzi na tafsiri. Nanyi wanafunzi mnaosoma kwa masafa, popote mlipo, msingoje moduli ya mwisho. Muhula huu, kabla ya kazi ya kwanza kurudishwa, mketi na mzee mmoja, mmwulize: ulipokuwa mtoto, ng'ambo palikuwaje?